Pengo la Herufi Nne

Mteja wa kwanza katika maisha ya Pumzika ambaye hakuhusika na kifo aliletwa karakanani na pikipiki ya ofisi, ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa asubuhi, na Pumzika alikuwa akibishana na jirani yake Seremala juu ya nani kati yao alikuwa amekunywa chai ya mwenzake. Seremala alitengeneza majeneza. Pumzika alichonga mawe ya makaburi. Walipanga chumba kimoja chenye milango miwili, mkabala na lango la makaburi ya mji, na kwa miaka kumi na sita walikuwa wamegawana wateja bila ugomvi: Seremala aliwapokea kwa urefu wao, Pumzika akawapokea kwa majina yao.

Yeye mwenyewe alikuwa na jina la kuzaliwa, lakini mtaa ulikwisha kulipoteza. Walimwita Pumzika kwa sababu ndilo neno aliloliandika kuliko mengine yote. PUMZIKA KWA AMANI. Aliweza kulichonga amefumba macho, na mara mbili, akiwa na homa kali, alilichonga hivyo, na hakuna mfiwa wala marehemu aliyelalamika.

"Fungua basi," alisema Seremala. "Labda wanataka kuizika ofisi nzima. Mimi niwape vipimo."

Barua ilitoka Idara ya Mandhari ya Mji. Fundi alitakiwa kuchonga maandishi ya historia kwenye jiwe lililokwisha kusimamishwa katika Uwanja wa Mto, katikati ya mji. Malipo yangekuwa kwa kila herufi, kama alivyozoea. Maneno yenyewe angekabidhiwa ofisini siku ya Jumatatu.

Seremala aliisoma barua mara mbili, ya pili kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Historia ya Uwanja wa Mto! Bwana we! Si ndiko mlikotoka nyie?"

"Ndiko tulikotolewa," alisema Pumzika.

"Haya, keshaanza. Mwambie mama yako leo leo, kabla hajaambiwa na watu wenye midomo."

"Kama nani?"

"Kama mimi," alisema Seremala, akanywa chai iliyobaki.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na meza moja, na meza hiyo ilikuwa mlango. Haikufanana na mlango. Ilikuwa mlango hasa, wenye tundu la ufunguo pembeni, uliolazwa juu ya miguu minne ambayo Seremala aliitengeneza kwa mabaki ya majeneza. Mama yake Pumzika aliung'oa mlango huo kwa mikono yake siku malori yalipokuja. Wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba mlango kichwani, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba hawataingia kwa mlango wake; wakitaka, wavunje ukuta.

Upande wa chini wa meza kulikuwa na X kubwa ya rangi nyekundu. Watu wa ofisi waliichora kwenye kila mlango wa kando ya mto, siku saba kabla ya tingatinga. Mama yake hakuwahi kwenda shule, na hiyo ndiyo herufi ya kwanza aliyoijua kwa sura. Ni herufi ambayo Kiswahili hakina hata neno moja la kuitumia, lakini yeye walimpa nzima, na kubwa.

Mtaani aliitwa Bi Vidole. Marehemu mume wake naye alikuwa mchongaji, na kwa kuwa karakana yao ilitoza kwa herufi, mtu mmoja alipaswa kuzihesabu. Mume alikuwa na haraka, wateja walikuwa na majonzi, basi kazi ikamwangukia asiyejua kusoma. Alipitisha kidole cha shahada juu ya jiwe, herufi kwa herufi, polepole, kisha akatamka jumla. Hakuna mteja aliyewahi kubisha. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji, lakini kidole kilikuwa kizima, na hakuna jiwe lililotoka karakanani kabla hakijapita.

Pumzika alimpa habari wakati wa chakula cha jioni. Mkewe alikuwa amerudi kutoka kazini. Alikuwa msafishaji katika jengo lile lile la ofisi za mji, ghorofa ya pili, na alikula akiwa ameloweka miguu kwenye beseni.

Bi Vidole aliacha kutafuna. "Jiwe la historia. Yetu?"

"Ya uwanja, mama."

"Uwanja umeanza juzi, una historia gani? Historia ni yetu." Akapapasa meza mpaka akaushika mkono wa mwanawe. "Wataandika kwamba tulihamishwa?"

"Wataandika."

"Umeona kwa macho?"

"Bado. Lakini wataandika nini kingine? Mji mzima unajua."

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye beseni, akamtazama, akayarudisha.

"Nasema hivi kwa sababu watu husema tulihama," alisema Bi Vidole. "Hata huyo muuza maji anasema, 'nyie mlipohama kule mtoni.' Namwambia, baba, kuhama ni kufungasha kwa raha zako, unaaga majirani, unasahau mwiko jikoni. Sisi tuliaga nani? Kila jirani alikuwa kwenye lori jingine." Akavuta pumzi. "Hilo neno lina herufi ngapi?"

"Lipi?"

"Walihamishwa. Kwenye jiwe watatuita 'wao', sijui kwa nini, lakini sawa. Nihesabie."

Pumzika akaweka kijiko chini. Alimshika mama yake vidole, kimoja kwa kila herufi, akianzia kidole gumba cha kulia. Walipofika kidole cha mwisho cha kushoto, vidole viliisha na neno halijaisha.

"Nikukopeshe viwili vyangu," alisema, akaviunganisha na vyake.

"Kumi na mbili!" Bi Vidole alicheka kwa ufizi. "Neno zito hilo. Basi likikamilika utanipeleka nilihesabu."

"Nitakupeleka, mama."

"Useme mbele ya mkeo."

"Nitakupeleka."

"Mwanangu, umemsikia?"

"Nimemsikia, mama," alisema mkewe, na maji yakatikisika ndani ya beseni.

*

Jumatatu, kwa saa mbili na nusu, Pumzika alikaa kwenye benchi la korido ya ghorofa ya pili akiwa na kofia mapajani. Walioingia baada yake walitoka kabla yake. Alipoitwa hatimaye, Afisa wa Mandhari, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na adabu nyingi, alimwambia, "Karibu, fundi, kaa." Hapakuwa na kiti. Afisa aliangalia mahali ambapo kiti kingekuwa. "Au simama tu. Si mambo marefu."

Akampa karatasi. Maneno yalikuwa machache:

UWANJA WA MTO. HAPA PALIKUWA NA GATI LA PANTONI NA MAKAZI. BAADA YA MAFURIKO WAKAZI WALIHAMA. PALIBORESHWA KWA FAIDA YA WOTE.

Pumzika aliyasoma kama anavyosoma mchongaji, herufi moja moja, na alipofika mwisho wa sentensi ya tatu akarudi nyuma kutazama kama ameruka kitu.

"Bwana Afisa, kuna neno hapa."

"Limekosewa tahajia?"

"Tahajia nzuri. Ila limekatika. Hapa, 'walihama'. Mimi nilikuwepo, bwana. Nilikuwa na miaka tisa. Maji yalikuwa yamekwisha kushuka wiki mbili, tumeshaanika magodoro, pantoni imeanza kuvusha watu. Ndipo wakaja kuchora milango, na baada ya siku saba malori."

"Pole sana," alisema Afisa kwa sauti ya mtu anayegonga muhuri.

"Sasa hatukuhama. Tulihamishwa. Ni herufi nne tu zinaongezeka. Sitazitoza."

"Fundi, si suala la bei." Afisa aliegemea kiti chake, ambacho kilikuwepo. "Hebu nikuulize. Ukisoma 'walihama', unajiuliza nini?"

"Sijiulizi kitu."

"Vizuri sana. Na ukisoma 'walihamishwa'?"

Pumzika alifikiri, kwa kuwa aliulizwa kwa adabu. "Najiuliza, na nani?"

"Umeona sasa? Hatuwezi kusimamisha jiwe katikati ya mji likawauliza watu maswali. Watoto wa shule watapita pale. Watalii."

Pumzika aliweka kidole chake chenye vumbi chini kidogo kwenye karatasi. "Na hili 'paliboreshwa'? Nalo si linauliza na nani?"

"Hilo linajibika," alisema Afisa akitabasamu. "Na sisi."

Afisa alipanga karatasi zake zikawa mraba mzuri.

"Mkeo si yule wa ghorofa hii hii? Anasafisha vizuri sana, hata Mkurugenzi amesema. Orodha ya mikataba ya wasafishaji iko mezani kwangu wiki hii." Alilisema hilo, kwa sura na sauti, kama pongezi. "Jiwe lifunuliwe tarehe kumi. Kazi njema, fundi."

Kwenye korido mkewe alikuwa akisukuma ndoo. Sheria ya jengo ilikataza wasafishaji kuzungumza na wageni, na mume aliyekuja kwa shughuli alihesabiwa mgeni.

"Chunga, sakafu imelowa," alimwambia, bila kumtazama.

"Ahsante," alisema Pumzika, akapita kwa kunyata.

*

Alichonga pale pale uwanjani, chini ya turubai, maana jiwe lilikuwa kubwa kuliko karakana. Kwa siku saba tindo lake lilikuwa sauti pekee ya kazi mahali pale. Wengine wote walikuja kukaa, na hata kukaa kulikuwa na masharti: kila benchi lilikuwa na chuma katikati ili mtu asijinyooshe, na mabomba ya maji hayakuwa na koki, yalifunguliwa kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwa mlinzi. Matofali ya sakafu yalikuwa mekundu na ya kijivu, yamepangwa kama ubao wa drafti. Upande wa mto zilibaki ngazi tatu za mawe za gati la zamani, zimezungushiwa mnyororo na kupandiwa maua. Pumzika alijua kwamba ya kati imebonyea, kwa sababu mamake na mama wa wengine walisugulia nguo pale miaka mingi. Bango dogo lilieleza kwamba mbonyeo huo ulisababishwa na maji.

Kila jioni Bi Vidole aliuliza, "Umefika wapi?" Naye alijibu kwa neno: "Kwenye gati." "Kwenye pantoni." "Kwenye makazi."

"Makazi ndiyo sisi," Bi Vidole aliwatangazia waliokuwepo, yaani mkewe Pumzika na meza. "Linalofuata ndilo lile."

Siku ya tano alifika kwenye mstari wenyewe. Alipopiga mistari ya penseli alijiambia anapima tu. Alipima neno la herufi kumi na mbili, likakaa sawa sawa, kutoka ukingo hadi ukingo, kama lililozaliwa pale. Lenye herufi nane liliacha upande wa kulia mtupu. Akajiambia tena kwamba si lazima aamue leo. Kiswahili kilikuwa kimemfanyia hisani: maneno yote mawili yalianza sawa. W. A. L. I. H. A. M. Mpaka hapo hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshika kwa kosa, si Afisa wala mama yake. Alichonga herufi hizo saba kwa utulivu wa mtu asiye na hatia, na alipomaliza M akaweka tindo chini, akawasha sigara, ingawa aliacha kuvuta mwaka juzi.

Mkewe alimkuta hivyo alipotoka kazini. Alisimama nyuma yake, mfuko begani, akalitazama jiwe.

"Umefika wapi?"

"Kwenye M."

"Na hiyo nafasi iliyobaki ni ya nini?"

"Ya nukta."

"Nukta gani inahitaji kitanda?"

Mkewe alikaa kwenye benchi, upande mmoja wa chuma, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imefura na ina alama za kamba.

"Tarehe kumi na nne wanampasua jicho la kwanza," alisema. "La pili baada ya mwezi. Wameandika kwenye kadi yangu ya bima, mama mkwe, tegemezi. Kadi ni mkataba, na mkataba ni orodha, na orodha unajua iko wapi."

"Nilimwahidi."

"Hata mimi nilimwahidi. Wewe ulimwahidi neno, mimi nilimwahidi macho. Tuone ipi itamuuma zaidi ikivunjika."

"Ni herufi nne tu, mke wangu."

"Unaniambia mimi?" Alicheka bila furaha. "Miaka saba namwaga makapu yao ya taka. Nimeliona hilo neno lenu. Kuna mtu kule, sijui nani, kwenye karatasi ya kwanza kabisa aliliandika zima. Mwenzake akalikata kwa wino, juu yake akaandika hili fupi. Nililikuta kwenye kapu wiki mbili kabla barua yako haijaja."

Pumzika aligeuka. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungekuja kuvunjika moyo mapema." Alivaa kiatu kimoja. "Ile siku ya meza nilitaka kusema. Nikaona unavyomhesabia vidole, nikashindwa."

Mlinzi alipita akizungusha ufunguo wa mabomba kidoleni. Aliwasalimu kwa kichwa, akaangalia sigara, Pumzika akaizima kwenye soli.

"Hata hivyo hajui kusoma," alisema mkewe, taratibu, kama anayejaribu neno kuona kama litamchoma.

"Anajua kuhesabu."

"Basi usimlete."

Mkewe alivaa kiatu cha pili, akainuka. Alimshikia turubai lisipigwe na upepo, kwa sababu jua lilikuwa limebaki kidogo na mstari huo ulitakiwa kwisha. Pumzika alilowesha kitambaa, akafuta mistari ya penseli ya herufi nne, akaanza A.

A ina mistari mitatu tu. Kwenye makaburi alikuwa akiimaliza kwa muda wa kuvuta sigara moja. Ile ya siku hiyo aliimaliza taa za uwanjani zinawaka.

Siku mbili baadaye, mstari wa mwisho ulipokwisha, Afisa alikuja kukagua. Alipitisha macho, akaridhika, kisha akakunja uso. "Mbona hapa pana pengo?"

"Pa kupumulia, bwana."

"Mm." Alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa. "Siyo mbaya. Inaleta utulivu."

*

Kwa Bi Vidole alitunga mambo. Alimwambia sherehe ni ya wakubwa, na wataingia kwa kadi. Alimwambia apumzike mpaka upasuaji, avumilie wiki moja, halafu ataliona jiwe kwa macho. Bi Vidole alisikiliza yote akiwa amekunja mikono.

"Kwani nilisema nataka kuliona?" aliuliza.

Pengine mambo yangeishia hapo kama Seremala hangekuwa na moyo mwema. Asubuhi ya tarehe kumi, Pumzika akiwa ameshakwenda uwanjani na mkewe ametumwa huko huko kufuta viti vya wageni, Seremala alijitokeza mlangoni kwao amevaa tai. Ni tai aliyokuwa akivaa kupelekea majeneza ya matajiri.

"Nimekuja kumchukua mwenye uwanja," alisema.

"Umechelewa," alisema Bi Vidole, ambaye alikuwa amevaa tangu alfajiri.

Pumzika aliwaona wakija juu ya matofali mekundu na ya kijivu, mama yake ameshikilia mkono wa Seremala, anatembea kama anayepima kitambaa kwa miguu. Mnyororo wa ngazi ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya wapiga picha. Bi Vidole alisimama pale, akateremsha mguu mmoja, halafu wa pili.

"Ya kati," alisema. Alibaki amesimama ndani ya mbonyeo, kisha akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. "Kutoka hapa hatua arobaini, mlango wangu. Sasa pana nini?"

Seremala alitazama. "Jukwaa, Bi Vidole. Lina viti na zulia."

"Basi wamekaa sebuleni."

Seremala alitaka kucheka, akaona uso wa Pumzika, akakohoa. Alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na hakurudi.

Pumzika alimwongoza mama yake hadi kwenye jiwe, lililokuwa limefunikwa kitambaa cheupe chenye utepe. Wageni walikuwa hawajafika. Fundi wa vipaza sauti alikuwa akihesabu moja, mbili, moja, mbili, kana kwamba naye hakuenda mbali shuleni. Bi Vidole alikunja mkono wa nguo hadi kiwiko. Kidole cha shahada kilikuwa tayari.

"Nipe neno letu."

"Mama, limefunikwa."

"Kwani naona, hata kitambaa kinizuie? Ingiza mkono wangu chini."

Kwa muda mfupi Pumzika alifikiri jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingelifikiri, kwa sababu ni mchongaji tu anayejua kila neno lina herufi ngapi. Chini ya mstari ule kulikuwa na neno jingine la herufi kumi na mbili. Lilimalizika hata kwa sauti ile ile. Aliuchukua mkono wa mama yake, akaupitisha chini ya kitambaa, akaweka kidole mwanzoni mwa PALIBORESHWA.

Bi Vidole alianza. Midomo yake ilikwenda pamoja na kidole. Sita. Saba. Nane. Mkewe Pumzika alitokea nyuma ya jukwaa na kitambaa chake cha kufutia, akawaona, akasimama pale pale. Kumi. Kumi na moja.

"Kumi na mbili," alisema Bi Vidole.

"Ndiyo, mama."

"Hesabu iko sawa."

"Ndiyo, mama."

Lakini mkono haukutoka. Ulirudi nyuma mpaka herufi ya kwanza, na kidole kikaizunguka, kikashuka kwenye mguu wake, kikapanda kwenye kitumbo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hii naijua. Hii ndiyo inayoanza kwenye makaburi yote. Miaka arobaini naigusa. Hii ni ya Pumzika."

Fundi wa vipaza sauti alisema moja, mbili.

"Niweke mwanzo wenyewe."

Pumzika alimweka mwanzo wenyewe, kwenye W, juu kidogo. Mkono wake ulikuwa na jasho, na wa mama yake ulikuwa mkavu. Bi Vidole alihesabu tena, safari hii kwa sauti, kama alivyohesabia wateja. Alifika nane, na jiwe likawa laini. Hakusimama. Kidole kiliendelea juu ya mahali pale palipofutwa penseli, kwa nafasi zile zile, kikigusa kila mara mahali ambapo herufi ingekaa.

"Tisa," alisema. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili." Akafika ukingoni. "Ulikuwa umezipimia."

"Nilikuwa nimezipimia, mama."

Mkewe alikuwa amekwisha kufika karibu. Alifungua mdomo aseme habari ya kadi, ya tarehe kumi na nne, ya orodha. Bi Vidole alimsikia pumzi, akamnyooshea mkono mwingine, akampapasa bega mara mbili, kama anavyonyamazishwa mtoto, na mkewe akafunga mdomo.

Magari yalianza kuingia. Afisa alikimbia na viatu vyake vinavyong'aa kwenda kufungua milango. Mlinzi alikuja akipuliza filimbi, akakuta kikongwe amesimama mbele ya jiwe, mkono chini ya kitambaa, na zulia la wageni linamalizikia hasa miguuni pake.

"Fundi!" aliita. "Mhamishe mama yako hapo! Mhamishe upesi, wakubwa wanafika!"

Bi Vidole alitoa mkono chini ya kitambaa. Alicheka, kicheko kile kile cha ufizi cha siku ya vidole, ila kifupi.

"Umemsikia?" alimwambia mwanawe. "Huyo kalisema zima."

Kisha akasimama tu, hakusogea hata hatua moja, akisubiri. Filimbi ililia tena. Pumzika alimtazama mkewe, mkewe akatazama matofali.

Akamshika mama yake mkono, akamhamisha.